Ufunguo wa Nyumba Namba Saba

Kaeni, na mwenye simu aizime, maana mimi sirudii. Nikimaliza nitawauliza swali, na atakayejibu "wote" nitamnyima chai.

Kiwanda chetu cha mkonge kilipokuwa hai, king'ora kikilia alfajiri hata majogoo walinyamaza kukisikiliza. Siku hizi mna popo tu. Mimi nilikuwa mpika chai pale, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Palikuwa na mafundi umeme watatu. Kupaza alijaliwa kutoharakishwa. Hata kwenye harusi yake alichelewa. Shekiango alijaliwa kutoamini. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani. Namweri, binti mdogo kuliko wote watatu, alijaliwa vidole vyepesi na maneno machache.

Kwenye kabati la umeme kulikuwa na chombo kinachokata umeme hatari ikitokea, lakini hakikuilinda mashine ya kukwangua mkonge. Ikaletwa kadi ya kielektroniki ya kuongezea ndani ya chombo hicho ili kiilinde nayo, ndogo kama kiganja, moja tu.

Kupaza akazima swichi kuu, akaitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Wenzake wakifungua kabati, msimamizi akaja mbio.

"Kupaza, mkonge unakauka. Washa dakika kumi tu."

"Ufunguo uko shingoni, bosi. Kata shingo uchukue."

Msimamizi akaenda kuivuta swichi mwenyewe. Kufuli likamkatalia.

Shekiango akatoa tesita, kile kibisibisi cha kupimia umeme.

"Si nimezima, umeniona?" Kupaza akamwambia.

"Wewe nimekuona. Umeme ndio sijauona."

Akapima waya mmoja mmoja. Wa mwisho ukawasha taa ya tesita: ulitoka kwenye jenereta ya ofisi, haukupita kabisa kwenye swichi kuu. Akaukata na huo, akapima upya.

Ikabaki kadi. Meneja, Mzee Mntambo, alikuwa ameshika mfuko wenye kadi hiyo, akataka kuitoa amkabidhi Namweri. Kwetu mkubwa akikupa kitu unapiga goti na kupokea kwa mikono miwili. Namweri akaficha mikono mgongoni.

"Usiitoe, mzee. Weka mfuko chini."

Watu wakaguna. Binti wa nani huyu? Kumbe mwili una umeme mdogo, ule unaokuchoma ukivua sweta la nailoni kiangazi. Wewe unashtuka kidogo tu, kadi inakufa. Namweri akagusa kwanza waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, akaishika kadi pembeni tu, akaisukuma mpaka ikakaa. Samahani aliomba baadaye, tena kwa goti.

Siku ya tatu waya ukachubuka ndani ya mashine ile, chuma chote kikashika umeme. Mbelwa, mpakiaji, alikuwa amekiegemea anakunywa chai yangu. Chombo kikakata papo hapo. Mbelwa akanilalamikia mimi kwamba chai imemmwagikia. Hakujua kuwa kazaliwa upya.

Meneja akasema nyumba namba saba, yenye bati na bomba uani, apewe aliyemwokoa Mbelwa. Nyumba ni moja, na wote watatu walilala kambini, kila mmoja chumba kimoja na watoto wake.

Kupaza akasema, "Bila kufuli langu, msimamizi angewachoma."

"Wewe ulifunga mlango wa mbele," Shekiango akamjibu. "Mwizi alikuwa nyuma."

Namweri akasema, "Bila mimi mngetoka wazima, kadi ikiwa maiti. Mbelwa angeegemea nini?"

"Na adabu je?" msimamizi akadakia. Tukamwambia anyamaze, yeye na swichi yake.

Meneja akanipa mimi ufunguo wa nyumba niutunze mpaka waafikiane. Hawakuafikiana. Kiwanda kikafungwa, meneja akaenda zake, na hakuna aliyerudi kuniuliza.

Huu hapa, kwenye kamba ya mkonge. Nyumba bado imesimama, ingawa bomba limekauka. Juzi Kupaza kapita kunijulia hali, jana Shekiango, leo asubuhi Namweri na mkongojo wake. Hali yangu gani hiyo ya ghafla?

Nami sitaki kufa na ufunguo wa watu. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango: ningekukabidhi sasa hivi, ungempelekea nani?