Matairi ya Semkiwa na Kiti cha Kushoto

Hapo zamani, si ile ya wafalme bali hii ya karibu, barabara zikiwa zimeshatiwa lami na simu ziko mifukoni, paliondokea dereva mmoja pale Korogwe, jina lake Semkiwa. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na jibu mimi sina.

Semkiwa aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mmoja. Milimani alipanda, tambarare alishuka, masika alipita kwenye tope, kiangazi alipita kwenye vumbi. Na kila alipokimbiza gari, nyuma yake kulikuwa na mtu anayeumia. Mama aliyeshindwa kujifungua. Mpasua mbao aliyekatwa na msumeno. Akifika hospitalini watu humwambia, "Wewe unajua kukimbiza gari." Naye hugeukia gari lake akaanza kulipangusa, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Zipo nyakati aliufurahia ule mwendo, kisha akasikia mtu akiugua nyuma, akaona haya.

Alipostaafu, miguu haikutulia. Akikaa kibarazani, mguu wa kulia unakanyaga sakafu kama unatafuta breki. Simu ya jirani ikilia, anasimama. Alikuwa na Corolla yake nyeupe. Ameiosha asubuhi, jioni anaiosha tena. Lakini barabarani aliiendesha polepole mpaka bodaboda wakawa wanampigia honi.

Basi siku moja akasikia habari. Chama cha waendesha magari cha Tanga kimepewa uwanja wa zamani wa ndege, ndani ya shamba la mkonge, mwendo wa saa mbili kutoka Korogwe. Wameupangia kona na mzunguko. Mwenye leseni alete gari lake la kawaida, aliendeshe kwa kasi aipendayo, asimkute mtembea kwa miguu wala ng'ombe. Siku moja tu. Baada ya hapo lami ile itang'olewa, upandwe mkonge.

Semkiwa alijiandikisha siku ileile. Kisha akainama kutazama matairi ya Corolla. Yote manne vipara.

Akaenda kwa Kihiyo, fundi wa matairi, aliyekuwa na banda lake karibu na stendi. "Shikamoo mzee," akasema Kihiyo, akasikiliza, halafu akaingia ndani akatoka na matairi manne meusi yasiyo na mifereji ya kutosha, laini, yanayonata kidoleni. "Haya ni ya mashindano. Yameletwa na bwana mmoja akahama mji. Yanashika lami kama gundi."

Semkiwa akayabonyeza kwa dole gumba. Akaondoka. Kabla ya kufika nyumbani akarudi, akayabonyeza tena.

Semkiwa alikuwa na binti, Zuhena, mwalimu wa fizikia. Zuhena aliposikia habari ya matairi yale, alisema hapana.

"Baba, hii ni safari yako ya kwanza. Matairi yale yanashika kimya kimya, na yakiachia, yanaachia bila kukuambia. Ya barabarani yanalia kabla hayajaachia. Wewe unahitaji yanayolia."

"Mimi nimeendesha miaka thelathini na mmoja, mwanangu."

"Umeendesha ili usiteleze. Kule unakwenda kujua linateleza wapi. Na mvua ikinyesha je? Na kwenda na kurudi utatumia nini, si hayohayo?"

Walibishana wiki tatu. Zuhena alipiga simu Tanga, akawauliza wazoefu, akaandika majibu kwenye daftari, akaja nayo. Semkiwa hakula vizuri, hakukaa vizuri. Alikuwa akianza kuketi anainuka. Mwisho alisema, "Haya, nimekubali," kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Kihiyo akayarudisha yale laini ndani, biashara ikawa imempita, wala hakununa.

Zuhena mwenyewe akaenda Tanga akapata matairi ya barabarani. Yanang'aa, mifereji yake yenye kina, hayajawahi kukanyaga ardhi. Zikiwa zimebaki siku tatu, akayapeleka kwa Kihiyo yafungwe. Kihiyo akalilaza moja, akapangusa ubavu wake, akasoma tarakimu nne zilizochapwa pale.

"Dada, haya yametengenezwa miaka tisa iliyopita."

"Lakini ni mapya."

"Hayajatumika. Lakini si mapya. Tazama." Akaupinda ubavu kwa mikono miwili, na ndani ya mfereji pakaonekana nyufa nyembamba kama nywele. "Yamekauka. Mimi haya sifungi. Mwambie mzee aende kwa fundi mwingine kama anataka, mimi sifungi."

Zuhena akakaa juu ya rimu akashika kichwa. Siku tatu, saizi ile bandani haipo, Tanga imekwisha, na gari la mizigo kutoka Dar lingechukua wiki. Semkiwa alipopewa habari akaanza kuzunguka banda lile, anakwenda mpaka mlangoni, anarudi.

Sasa Kihiyo naye alikuwa na Corolla, kama ile ile. Ndiyo iliyompeleka kazini, ndiyo iliyompeleka mkewe sokoni Mombo. Miezi miwili nyuma alikuwa ameifunga matairi mazuri ya barabarani, yaliyotengenezwa mwaka uleule. Akachukua jeki. Akavua la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akaliweka gari lake juu ya mawe. Akayafunga yote kwenye gari la Semkiwa, na tairi lake la spea akaliweka nyuma.

"Fundi, na wewe utatembeaje?" Semkiwa akauliza.

"Nitatembea," akasema Kihiyo.

Siku ikafika. Wakaenda wanne kwenye gari moja. Wa nne alikuwa Nesi Yustina, aliyefanya kazi na Semkiwa miaka kumi na tisa, akiwahudumia wagonjwa nyuma ya gari huku yeye akiendesha. Hakuwa na lolote la kufanya kule. Alisema tu, "Dereva, siwezi kukuacha uende peke yako," akapanda.

Msimamizi wa uwanja aliwasomea masharti. Kila dereva ana zamu tatu. Mbili za mwanzo anaendesha peke yake. Ya tatu, akishaonekana ni salama, anaruhusiwa kuchukua abiria mmoja, kiti cha kushoto, naye avae helmeti.

Zamu ya kwanza ikanyesha mvua ya rasharasha. Kijana mmoja wa Tanga alikuwa na matairi laini kama yale aliyoyaacha Semkiwa. Kwenye kona ya pili gari lake likaenda moja kwa moja kama halina usukani, likaingia kwenye mkonge. Hakuumia, ila siku yake iliishia pale. Semkiwa akaingia kona ileile, matairi yakaanza kulia. Akalegeza mguu kidogo, yakanyamaza. Akakanyaga, yakalia. Basi akawa anazungumza nayo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko. Alitega sikio asikie mtu akiugua nyuma. Hapakuwa na mtu. Akajikuta anacheka peke yake ndani ya helmeti.

Zamu ya pili jua likatoka, lami ikakauka, naye akaongeza mwendo. Akaongeza tena. Kwenye kona moja akaikata mno, tairi la mbele kushoto likagonga ukingo wa zege. Gari likatikisika, likaendelea. Semkiwa akadhani hakuna kitu.

Yustina alikuwa amesimama kwenye kamba, pale penye kona ya taratibu kuliko zote, kabla ya njia ndefu iliyonyooka. Corolla ikapita mbele yake, akaona ubavuni mwa tairi kitu kama jipu. Kazi yake ilikuwa kutazama uvimbe miaka yote ile. Hakuhitaji kuona mara mbili. Akamwendea mshika bendera.

"Msimamishe yule. Tairi limevimba."

"Mama, rudi nyuma ya kamba. Mimi sijaona kitu."

"Msimamishe."

"Nangoja amri ya msimamizi, mama."

Yustina hakungoja. Akamnyang'anya bendera, akavuka kamba, akasimama pembeni kabisa mwa lami akiipunga. Semkiwa akamaliza mzunguko, akatokea tena kwenye kona, akamwona, akashika breki. Angeweza kutomtii mshika bendera, lakini sauti na mikono ya Yustina alishaitii miaka kumi na tisa.

Msimamizi akaja amefura. "Mama, nakutoa uwanjani sasa hivi." Kisha akainama akaliona tairi. Uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa ngumi. Akautazama, akaitazama ile njia ndefu, akavua kofia. Akasema taratibu, "Safari hii angefika katikati tu pale, likapasuka." Hakumtoa mtu.

Kihiyo akafunga spea, akapima upepo magurudumu yote. Semkiwa hakuweza kusimama mahali pamoja. Bado alitaka kurudi kwenye mzunguko. Msimamizi akasema gari ni zima, dereva anatii bendera, zamu ya tatu anaruhusiwa na abiria wake. "Abiria mmoja, mzee. Nani?"

Zuhena akasema, "Mimi. Bila mimi baba angekuja na matairi laini, na mvua ile ingemtupa kwenye mkonge zamu ya kwanza. Hata hiyo zamu ya pili isingekuwepo. Na nilipokuwa mdogo, kila gari lilipomchukua, lilimpeleka kwa watu wengine. Nikamwomba anipandishe siku moja, akaniambia watu hupanda gari lile wakivunjika mguu. Niliwahi kutamani nivunjike."

Kihiyo akasema, "Dada alichagua aina, ni kweli, lakini alichokileta kilikuwa kimekufa. Tairi la miaka tisa lingepasuka palepale lilipogonga zege. Lisingevimba, na nesi asingepata cha kuona. Langu lilivumilia mpaka akaonekana mtu wa kumsimamisha. Na gari langu liko juu ya mawe mpaka sasa. Miaka ishirini na miwili nafunga matairi. Nayaona yakiwa mapya, nayaona yakirudi yamekwisha. Hapo katikati yanafanya nini yakikimbizwa hivi, sijapata kukaa juu yake nikajua."

Yustina akasogea mpaka karibu na gari. Kisha akasema, "Mlichagua vizuri na mkatoa vizuri, na kwa hayo yote mzee alikuwa anakwenda kufa kwenye njia ile. Mimi ndiye niliyeona. Miaka kumi na tisa nilikaa nyuma, dereva, kwa sababu mbele hukaa ndugu wa mgonjwa. Barabara zako zote nimeziona kwa kidirisha cha ukubwa wa kiganja, tena kinyumenyume. Nimetapika kwenye kona zako zote. Nataka nione mbele kuna nini."

Zuhena akamwambia, "Mama, nashukuru, lakini ulivunja sheria ya uwanja. Tungefukuzwa wote."

"Ningeifuata sheria, ungekuwa unalia sasa," akajibu Yustina, bila hasira.

Semkiwa aliwasikiliza akiwa ameshika helmeti ya abiria, anaihamisha mkono huu na huu. Akafikiri: nikimchukua Zuhena, nitaogopa kwa ajili yake, sitakwenda kwa mwendo nilioujia. Nikimchukua Yustina, labda nitaanza kusikia tena wale wa nyuma, au labda ndiye peke yake anayeweza kuwanyamazisha. Nikimchukua Kihiyo, nitakuwa huru kabisa. Lakini uhuru wangu una uhusiano gani na haki ya mtu? Akamtazama msimamizi kama anayeomba asaidiwe.

"Dakika mbili, mzee," akasema msimamizi. "Wenzako wameshawasha."

Na ni kweli, magari yalikuwa yananguruma mstarini, ya mwisho kwa siku ile na kwa uwanja ule. Semkiwa akafungua mlango wa kushoto, akageuka akawatazama watatu wale, mmoja mmoja, na hakuna aliyeinamisha macho.

Sasa enyi mlioketi hapa, msiniambie angewazungusha kwa zamu, maana zamu ilikuwa moja. Msiniambie angekwenda peke yake, maana hapo angewakosea wote. Yupo aliyechagua, yupo aliyetoa chake, yupo aliyeona na akathubutu. Je, kiti kile kilikuwa haki ya nani?