Zimwi Aliyemeza Almasi

Sogeeni, na anayetaka kucheka akacheke kwao.

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: Mwanakheri alimwachia mumewe, Kitwana, ukoko wa wali, akaenda kumchimbia Zimwi. Zimwi alikuwa amejenga ukuta wa mchanga kuzuia bahari, ili mashimo ya mwamba yakauke. Humo ndimo almasi zilimokwama. Mto ulizitoa bara. Mawimbi yakazipasua zenye nyufa, yakachukua kila kilicho chepesi, yakaziacha nzima na nzito. Zimwi alizimeza zote.

Siku hiyo ukuta ulibomoka. Mwanakheri akafa shimoni, na Zimwi akaujenga upya.

Kitwana akamwendea. "Mke wangu alikuambia ukuta unavuja. Funga shimo."

Zimwi akacheka. "We bwana, bahari huvunja chenye ufa. Mkeo alikuwa na ufa."

"Funga shimo."

Zimwi akacheua, almasi zikagongana tumboni.

"Funga shimo."

"Oa mwingine, umlete achimbe."

Kesho yake asubuhi, bahari ikijaa, Zimwi alikuwa shimoni akilamba changarawe. Kitwana akautoboa ukuta kwa jembe. Wimbi la kwanza likachukua mchanga wote wa shimoni. La pili likachukua kokoto. Zimwi hakuinuka, kwa uzito wa tumbo lake.

"Ndugu yangu, nivute!"

"Tapika almasi. Ukiwa mwepesi, bahari itakubeba."

Zimwi akafumba mdomo.

Kitwana akalipanua tundu, wimbi la tatu lipate njia.