Baiskeli Nyekundu ya Mbirinyi

Sogeeni, na anayetafuna muhindi apunguze sauti. Nina watu wanne na baiskeli moja, na mwisho wa hadithi nitauacha mikononi mwenu.

Juu katika milima ya Taita, mahali paitwapo Mbirinyi, pana njia nyembamba inayoanzia msituni kileleni na kuishia kwenye uwanja wa shule. Katikati ya juma ni njia ya wabeba kuni. Wikendi ni njia ya baiskeli. Vijana huvaa kofia ngumu na kinga za magoti, huachiliwa mmoja mmoja kutoka juu, na anayefika chini kwa muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

Mghoi alikuwa na kipaji cha kushuka. Wenzake walifika uwanjani wakitafuta pa kukaa. Yeye alifika akiuliza kama chai imebaki. Baiskeli yake nyekundu, yenye springi mbele na nyuma, aliipata kwa kushinda mashindano hapo hapo Mbirinyi msimu uliotangulia, akiwa juu ya baiskeli ya kubebea maziwa. Tangu hapo hakuna Jumamosi iliyomkuta nyumbani, na Jumapili alitoka kanisani akikimbia.

"Wikendi nzima uko mlimani," mama yake alimwambia. "Mume utampatia kona gani?"

"Kona ya matope, mama. Nitamkuta ameshaanguka."

Mwadime, kaka yake, alikuwa na kipaji cha kupanda. Kushuka alishuka, lakini breki aliikamata kutoka kileleni mpaka uwanjani, na watoto walimpita kwa miguu. Ila mgeuze uso atazame juu, mtwike gunia la viazi, kisha umwambie apande. Atafika akipiga mluzi.

Nyambu, rafiki wa Mghoi tangu darasa la kwanza, alikuwa na kipaji cha kusikia. Mteremko aliuogopa na hakuficha. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kona akiwa na firimbi, kuwasimamisha wanaoshuka panapotokea ajali. Kabla mtu hajaonekana, Nyambu alishamtaja jina.

"Huyo ni Mwadime," angesema. "Sikieni breki zinavyomwombea."

Na Tsuma, kijana wa kutoka Kaloleni kule pwani, alikuwa na kipaji cha kushika. Baba yake alikuwa mkwezi wa minazi, na yeye mwenyewe alikwea kabla hajajua kusoma. Alichokishika hakikumponyoka. Njia ilimrusha huku, ikamtupa kule, na usukani ulibaki viganjani mwake kana kwamba umeota pale. Alikuja Mbirinyi kwa mara ya kwanza siku ile ninayotaka kuwaeleza.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya msimu. Ukungu ulishuka mapema, mzito, mweupe, ukaficha miti, ukaficha kona, ukaacha sauti tu. Wasimamizi walitaka kumaliza kabla ya mvua. Wakaachilia watu harakaharaka: Mghoi, na nyuma yake Tsuma, na nyuma ya Tsuma wengine wakisubiri zamu.

Katika kona ya matope Mghoi aliteleza. Hakuumia. Aliinua baiskeli, akafuta usukani kwa kiganja, akapanda tena. Lakini muda ulikwisha kupotea, na Tsuma alikuwa tayari mgongoni mwake. Njia pale ina ukuta wa mlima kushoto na korongo kulia.

"Kulia!" Tsuma alipiga kelele. "Kulia, dada, kulia!"

Mghoi akaenda kulia. Tsuma naye akaja kulia. Magurudumu yakagusana, na ukungu ukawameza wote wawili.

Sasa sikilizeni kwa masikio yote mawili.

Nyambu alikuwa kwenye kona ya chini yao, haoni hata vidole vyake. Alisikia baiskeli mbili zikija. Alisikia kishindo. Kisha akasikia gurudumu likizunguka, tiki-tiki-tiki-tiki, laini, bila mkwaruzo wa mpira juu ya mawe. Mtu mwingine angesema kuna anayekuja. Nyambu alijua lile gurudumu halikanyagi kitu, linazunguka hewani. Akapuliza firimbi mpaka machozi yakamtoka. Juu, kijana aliyekuwa ameshaachiliwa akakamata breki na kusimama hatua chache kabla ya mahali walipoangukia. Kisha Nyambu akaacha kupuliza, akafumba macho, akausikiliza mlio ule hadi akajua umetoka upande gani wa korongo, na kwa kina gani.

Tsuma alikuwa amelala njiani. Baiskeli yake ilikwenda zake chini, na aliisikia ikivunjika juu ya mawe. Baiskeli ya Mghoi ilinasa kichakani ikiwa kichwa chini. Mghoi mwenyewe alikuwa kwenye nyasi zenye maji, chini kidogo ya ukingo, nyonga imevunjika, anateleza polepole kuelekea yale mawe. Tsuma akajitupa kifudifudi, akateremsha mkono, akaupata mkanda wa kinga ya mgongo ya Mghoi. Kiganja cha kulia kilikuwa kimevunjika, hivyo alishika kwa kushoto peke yake. Akashika.

Na hapo, mmoja juu na mmoja chini, wakazungumza.

"Mbona ulikuja upande wangu?" Tsuma aliuliza, akihema.

"Wewe ndiye uliyesema kulia."

"Nilisema kulia, yaani mimi napita kulia!"

"Kwetu ukisema kulia," Mghoi alisema, na kila neno lilimuuma, "unamwambia wa mbele aende kulia."

Ukungu ulipita katikati yao.

"Kwetu ni mimi," alisema hatimaye. "Kwenu ni wewe."

"Usiniachie."

"Sikuachii. Nitukane tu, lakini usijitikise."

Mwadime alikuwa chini uwanjani na chupa ya maji, akimsubiri dada yake. Aliposikia firimbi haikomi, aliitupa chupa akakimbia kupanda. Nyambu alimwelekeza kwa sauti kutoka kwenye kona: "Acha njia! Pitia korongoni! Kushoto zaidi, kaka, bado kushoto!" Mwadime alipita mahali ambapo hata mbuzi wangefikiria kwanza. Alimfikia Mghoi kutoka chini, akamfunga mgongoni kwa tyubu za akiba alizokuwa nazo kiunoni, kama mama anavyomfunga mtoto kwa leso, na akapanda naye. Mikono ilishika mizizi, magoti yalichimba udongo, Mghoi alilia sikioni mwake, naye alipanda. Alipomfikisha njiani, Tsuma bado alikuwa ameshika ule mkanda. Ilibidi Nyambu, aliyekuwa amepanda kuwafuata, amfungue vidole kimoja kimoja.

Daktari wa hospitali alipoelezwa habari yote, alisema hivi: asingesikika, angepitwa mpaka baridi imuue. Asingeshikwa, angefika kwenye mawe. Asingepandishwa, mvua iliyonyesha muda mfupi baadaye ingejaza korongo naye akiwa ndani.

Kisha akamgeukia Mghoi. "Utatembea, binti yangu. Lakini mteremko uusahau. Ukianguka tena, hata kutembea kutakwisha."

Mghoi alirudi nyumbani kwa magongo. Baiskeli yake ilikuwa imefika kabla yake, imeegemezwa ukutani sebuleni. Haikuwa na jeraha. Rangi ilichubuka kidogo karibu na pedali, basi. Jumamosi ya kwanza aliketi mbele yake akasikia wenzake wakipita barabarani kuelekea Mbirinyi, wakicheka. Jumamosi ya pili aliomba ifunikwe shuka. Jumamosi ya tatu alisema, "Haiwezi kukaa hapa kama maiti. Nitampa mtu, naye aishushe."

Lakini ampe nani? Watatu walistahili, na wote watatu waliitaka.

Aliwaita nyumbani Jumapili baada ya ibada. Tsuma alikuja kutoka pwani na kiganja kwenye plasta. Waliketi uani, wazazi wakiwapo, na baiskeli katikati yao.

Mama mtu alianza, hakusubiri kuulizwa. "Apewe Nyambu. Bila masikio yake wengine wangemtafuta wapi? Na huyu kijana nampenda, Mungu anaona, lakini kama si kelele zake tusingekuwa hapa."

"Nyambu ataifanyia nini?" Baba alisema. "Ataisukuma kwenda kisimani? Mwadime ni damu yake. Anaendesha kile chuma cha maziwa mpaka leo."

Nyambu aliinua uso. "Naogopa, baba, kweli. Lakini maisha yangu yote nimewasikia wengine wakishuka. Nataka siku moja nisikike mimi."

Tsuma aliongea akiitazama plasta yake. "Mimi sina neno kubwa. Baiskeli yangu ilikufa kule chini, na bila baiskeli mimi ni mkwezi tu. Mkisema nisipewe kwa sababu nilipiga kelele, nitaelewa. Lakini nilipiga kelele kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyeniambia kwenu ni tofauti."

Nyambu alimgeukia Mwadime.

"Kaka, sema."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Mbirinyi kuna kawaida moja. Asubuhi ya mashindano, kabla mtu hajapanda kileleni, mwenyeji mmoja huwakusanya wageni na kuwaeleza njia: kona ya matope, mti ulioinama, na jinsi tunavyoitana tukitaka kupita. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Mwadime.

"Nilikuwa nimeanza," Mwadime alisema. "Niliwaambia kona. Niliwaambia mti. Nikaitwa."

"Nani alikuita?" Baba aliuliza kwa ukali.

Mghoi ndiye aliyejibu.

"Mimi. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea. Nilimwambia, achana na hayo maneno, wageni wana macho, njoo unikazie breki."

Mama alishika mdomo. Tsuma, ambaye tangu siku ile alikuwa akilibeba kosa peke yake, aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeamshwa nyumba ya watu. Aliingiza mkono mzima chini ya ule wenye plasta, akaukumbatia.

"Kwa hiyo mlijua," alisema. "Wiki zote hizi mmeniacha niombe msamaha kwenye simu, na mlijua."

"Nilijua," alisema Mwadime.

"Nilikumbuka nikiwa hospitali," alisema Mghoi. "Niliona haya."

"Na mimi nilimsikia akiitwa," alisema Nyambu. "Nilingoja waseme wenyewe."

Baba alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Wataita wana jambo la zamani ambalo si kila nyumba inalifuata tena, linaitwa kutasa. Mtu mwenye hasira moyoni huchukua funda la maji, hulipuliza nje kama manyunyu, na pamoja nalo huitoa ile hasira, huku akisema maneno ya heri. Ndipo anaweza kutoa zawadi au baraka. Akitoa huku ana kinyongo, kile kinyongo husafiri pamoja na zawadi. Na baiskeli ya mteremko, mnajua, si kitu cha kupanda huku umebeba kinyongo cha mtu.

"Mwanangu," Baba alisema, "tasa kwanza. Kisha utaje jina."

"Hasira juu ya nani, baba?" Mghoi aliuliza. "Juu ya huyu aliyeita? Juu ya huyu ambaye hakusema? Juu ya huyu aliyejua akanyamaza? Au juu yangu mimi niliyemwita?"

"Unayoijua mwenyewe."

Mghoi aliegemeza magongo kwenye kiti. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akaweka maji mdomoni. Mbele yake waliketi watatu. Mmoja alimsikia, na bila kusikika asingepatikana. Lakini huyo anauogopa mteremko, na huenda baiskeli ikazeeka mikononi mwake. Mmoja alimshika, na bila kushikwa angekwisha. Lakini neno lililomwangusha lilitoka kinywani mwake, na deni lisilo lake peke yake ameshalilipa kwa aibu ya wiki nyingi. Mmoja alimpandisha, na bila kupandishwa maji yangemchukua. Lakini neno ambalo lingemwokoa lilibaki kinywani mwake, tena kwa sababu alikuwa akimhudumia yeye.

Mashavu ya Mghoi yamejaa. Wote watatu, pamoja na wazazi, wanamtazama. Kusema hawezi, maana kinywa kina maji. Kuyameza hawezi pia, kwa kuwa anayemeza yale maji amemeza na hasira yake.

Haya, mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo: mpeni jibu kabla hajachoka. Manyunyu yaelekee kwa nani, na baiskeli iende kwa nani? Ungekuwa wewe umeketi pale na nyonga ile, ungetaja jina gani?