Chungu Kilichomo Tumboni mwa Chatu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Sahani za mihogo ziko wapi?"
"Mikononi mwetu!"
"Haya, kuleni huku mnasikiliza."

Hapo kale Chatu alimmeza mbuzi mzima, pembe na kwato, kisha akajilaza mlangoni kwa Bi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Shimoni mlikuwa na watoto wake watatu, na mlango ulikuwa huo huo mmoja.

"Nipe wanao nishushie," akasema Chatu.

Moyo ulimwenda mbio Bi Sange, pu-pu-pu! Lakini akatabasamu.

"Babu Chatu, huyo mbuzi umemtafuna?"

"Meno yangu ya kushikia, si ya kutafunia."

"Basi ndiyo kwanza yuko jikoni! Tumbo ni chungu, Babu. Maji makali yamlainishe awe uji, uji ushuke utumboni, utumbo uunyonye, damu ibebe nguvu. Umeona wapi mpishi anatia nyama mbichi kwenye chungu kilichokwisha kuchemka? Na mdomo ndio mfuniko: ukifunua tu, mvuke unatoka, mbuzi anachacha, unamtapika mzima!"

Ampoteze mbuzi? Chatu aliogopa kweli. Akafumba mdomo, ndi!

Guruguru, guruguru, tumbo likanguruma. Bi Sange akatoka na mtoto wa kwanza mgongoni, akapita mbele ya pua ya Chatu.

"Mmh?" akauliza Chatu.

"Bado, Babu. Pembe ngumu."

Guruguru, guruguru. Akapita na wa pili.

"Mmh?"

"Bado, Babu. Ndiyo kwanza uji."

Guruguru, guruguru. Akapita na wa tatu.

"Mmh?"

"Bado kidogo. Utumbo unanyonya, usiuharakishe."

Chatu akangoja, akangoja, hata tumbo likanyamaza. Akafunua mdomo, "Bweuuu! Haya, leteni kitoweo!"

Shimo tupu.

Ng'ambo ya mto Bi Sange akapaza sauti, "Kimeiva, Babu! Makapi yake katupe kichakani mwenyewe!"

Hadithi imeshuka, chungu kimeepuliwa.

"Na funzo lake, wajukuu zangu? Mwenye adabu hafungui mdomo chakula kikiwa tumboni. Fumbeni nyote, ndi! Hivyo hivyo. Sasa Mwanakombo, sogeza hiyo sahani ya mihogo huku kwa bibi."

"Mmh?"

"Bado, mjukuu wangu. Bado."