Kwa Nini Mkalimani wa Lwangimba Huinamisha Macho

Zamani hizo, kabla barabara ya magari haijafika Lwangimba, mwanamume hakuruhusiwa kumtaja mama mkwe wake wala kumnyooshea kidole. Akikutana naye njiani aliingia majanini akampisha. Akilazimika kumzungumzia alisema "yeye" tu, na watu wote walielewa.

Enzi hizo aliishi Lutangilo, aliyewahi kufanya kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja kwenye mashamba ya chai. Alirudi na Kiingereza cha kuokotaokota, maneno mengi bila kanuni hata moja, na kijiji kizima kikamwona msomi. Kuku, mke, mwenyekiti, wote kwake walikuwa "he". Hakuna aliyeweza kumsahihisha, naye alilipenda mno jina alilopewa: Bwana Inglishi.

Mama mkwe wake, Bibi Semfilinge, ndiye aliyekuwa mkunga. Karibu kila mtoto wa Lwangimba alipokewa na mikono yake, akakatwa kitovu kwa wembe uliochemshwa sufuriani.

Siku moja akaja daktari wa Kizungu na mkoba wa vifaa: mkasi, glavu, na mizani ya kuning'iniza ya kupimia vichanga. Watu wakakusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Daktari akauliza kwa Kiingereza ni nani anayezalisha wanawake hapa. Lutangilo akasimama kifua mbele. Kumtaja mkwe hakuweza, basi akaelekeza kidevu kwenye benchi alikokaa Bibi Semfilinge pamoja na kaka yake, Mzee Yordani.

"He is there," akasema, yaani yule pale. "He is very good."

Daktari akaenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Yordani, akamshika mkono, akamkabidhi mkoba. Kisha akageuka, akamuuliza Lutangilo kama ndiye huyu.

Lutangilo aliona kosa limetokea, ingawa hakujua ni neno gani lililolileta. Kukanusha kungekuwa kukiri mbele ya watu wote kwamba Kiingereza kimemshinda.

"Yes," akasema.

Watu wakapiga makofi, wakidhani mzee anampokelea dada yake. Lakini Bibi Semfilinge alipotuma mtu kuuchukua mkoba, Mzee Yordani akajibu, "Mzungu amenipa mimi. Muulizeni Bwana Inglishi." Tangu hapo akawa anaubeba hata akienda kilabuni kunywa ulanzi.

Bwana Inglishi alipoulizwa alisema ana homa. Asubuhi akaenda shuleni kwa Mwalimu Sapiensia, akamweleza maneno aliyoyasema.

"Kwani mkweo ni mwanamume?" mwalimu akauliza.

"Hasha, Mwalimu!"

"Basi ni 'she'. Mwanamume ni 'he', mwanamke ni 'she'. Sisi tuna 'yeye' mmoja, wenzetu wanatenganisha. Hiyo ni kanuni ya mwanzo kabisa, Bwana Lutangilo. Hata darasa la tatu wanaijua."

Lutangilo akaomba akae nyuma ya darasa hilohilo la tatu. Akakaa, magoti yakikaribia kidevu, akaitikia pamoja na watoto: he goes, she goes. Akajifunza pia kwamba jambo lililopita lina namna yake ya kusemwa. Watoto walimcheka, naye aliona wana haki.

Lakini kijijini hakumwambia mtu. Miezi ikapita, mke wake akashikwa na uchungu. Lutangilo akiwa uani alimsikia mkwe wake ndani akiagiza wembe na maji ya moto, kama siku zote. Mtoto akalia. Jirani akatoka kumpongeza baba, akamkuta ameufunika uso kwa mikono.

Daktari aliporudi baada ya masika, Mzee Yordani alikaa mbele kabisa, mkoba magotini. Lutangilo akainuka, akavuka uwanja, akasimama mbele ya mama mkwe wake, akamwelekezea kiganja kilicho wazi.

"She is a woman," akasema. "She helps the mothers. I said 'he'. I was wrong." Kisha akayarudia yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili kijiji nacho kisikie.

Bibi Semfilinge akajifunika uso kwa kanga, maana mkwe wake alikuwa amemwonyesha hadharani. Mzee Yordani akautoa mkoba. Mizani haikuwemo, ilikuwa kilabuni ikipimia nyama. Bibi akaupokea hivyohivyo, akaondoka bila kumtazama yeyote. Alitumia mkasi ule hadi uzeeni, na habari ya siku ile hakuigusa tena. Lutangilo aliungoja msamaha wake mpaka siku alipomzika.

Na tangu siku ile ya uwanjani, hapa Lwangimba mtu akizungumziwa kwa lugha ya kigeni huinuka, awe mama mkwe au nani. Mkalimani humwelekezea kiganja, hutamka kwanza kwa Kiswahili kama ni mwanamke au mwanamume, ndipo huanza kutafsiri, na macho yake huwa chini. Wageni hudhani anawaheshimu. Sisi tunajua anaona haya.