Ngozi Nyeusi ya Jembe

Sogeeni, niwape kisa cha mhunzi Mgalula, ingawa kinatia aibu.

Zimwi lilikalia kisima cha kijiji, likanguruma, "Nileteeni jembe. Nitalima kokoto mara tatu. Likisalia, maji ni yenu."

Mgalula akafua jembe, akalichoma ndani ya unga wa mkaa mpaka likaota ngozi nyeusi, ngumu.

"Mwanangu, ngozi hiyo usiiguse," mama yake akamwonya.

Lakini wakwe walikuwa wanakuja kutazama! Akaikwangua kwa tupa, jembe likang'aa. Wakwe wakashangilia.

Zimwi likalima mara moja, makali yakaisha. Mara ya pili, likabaki nusu. Mara ya tatu, mpini mtupu.

Mama akajitwika mtungi, akashika njia ya mto wa mbali. Mgalula akamkimbilia.

"Mama, nipe nikubebee."

"Acha, mwanangu. Wakwe zako wanakutazama."