Fisi wa Ahadi na Mgeni Asiyeaga

Sogeeni, sogeeni hapa karibu. Anayetafuna ameze, mwenye kikohozi akohoe sasa, na huyo anayecheka avikalie vicheko vyake. Mdomo ukiwa wazi, sikio hujifunga. Kimya? Haya.

Mwaka huo jua liliwaka hata mito ikasahau njia zake. Maji yakabaki mahali pamoja tu, ndani ya pango la Fisi. Naye Fisi huyu hakuwa fisi hivi hivi, ati. Alijitanda kitambaa chekundu begani, akajiita Fisi wa Ahadi.

"Wenzangu ni wezi tu," alikuwa akisema. "Mimi ni mwovu mwenye heshima. Mgeni wangu simli. Atakunywa maji, nami nitamsindikiza mpaka aniage. Mgeni ni mgeni hadi atamke kwaheri."

Na kweli, Fisi hakumla mgeni. Alimnywesha, akamsindikiza taratibu hadi kwenye kichuguu, huku akimuulizia hali ya watoto. Hapo mgeni, kwa adabu alizofunzwa na mamaye, husema, "Basi mwenyeji wangu, usijichoshe, rudi. Kwaheri." Akishatamka, ugeni umekwisha. Kufumba na kufumbua, kawa kitoweo! Mifupa Fisi huipanga vizuri, akaifunika majani, kisha huyoo, matangani, mkeka wa mbele. "Nilimsindikiza mwenyewe," husema akijifuta machozi. "Hakulalamika."

Mtadhani wanyama walimchukia. Thubutu! Nyati alisema, "Afadhali huyu, ana mwiko." Simba, kwa kiburi chake, alijigamba kwamba hata waovu wa nchi yake wana adabu. Na Kunguru, mla mabaki, alimfuata Fisi kila aendako akipiga kelele juu: "Ahadi ya bwana haivunjiki!" Ujinga nao haukosi wapambe.

Sungura alikuwa mjane wa mwezi mmoja. Mumewe aliaga vizuri sana pale kichuguuni. Nyumbani alibaki na mapacha, ndimi zimewakauka hata kulia hawawezi. Asubuhi moja alimgusa Doto kifuani, akamwona wa moto kama jiwe la meko. Akachukua kibuyu.

"Nisipokwenda watakufa," alijisemea. "Nikienda nikafa, watakufa vilevile. Basi niende, na nirudi."

Alipopiga hodi, Fisi alimkaribisha kwa mikono miwili, akamjazia kibuyu mwenyewe.

"Pole na msiba, shemeji. Marehemu alikuwa muungwana."

"Alikuwa mtamu?" Sungura akauliza.

Fisi akapaliwa. "Shemeji nawe una maneno! Twende nikusindikize."

Walipofika kichuguuni, Fisi alisimama, akakiweka kitambaa sawa, akangoja. Sungura akapita kama hakukiona kichuguu.

"Shemeji, umesahau kitu."

"Kipi? Kibuyu ninacho."

"Kuaga."

"Mapema hii? Au umenichoka, mwenyeji wangu?"

"La hasha!" Fisi akajibu upesi, maana Kunguru alikuwa juu anasikiliza. "Nitakusindikiza hadi utakapo."

Sungura akakikumbatia kibuyu, akapiga hesabu. Akiaga, amekufa. Asipoaga, huyu atamfuata mpaka mlangoni awaone mapacha. Basi akaiacha njia ya kwake, akashika ile ya barazani kwa Simba, ambako wanyama hukutana mchana kungojea habari za mvua. Ni mwendo mrefu, hauna kivuli hata cha kuazima.

Njiani akamshika Fisi kwa maneno. Akamuulizia mama yake, akamuulizia shangazi zake wote, akamuulizia hata yule mjomba aliyevunjika mguu mwaka wa nzige. Fisi alijibu mmoja mmoja, mate yakimdondoka vumbini.

"Shemeji, wenzako wote huniaga kichuguuni."

"Hao hawakupendi. Mimi uso wako siushibi."

"Tamka basi, hata nusu!"

"Nusu ya kwaheri ndiyo nini? Tembea, shemeji. Au ahadi yako inahesabu hatua?"

"Ahadi ya bwana haivunjiki!" Kunguru akalia juu.

"Nyamaza wewe!" Fisi akafoka.

Hatimaye wakatokea barazani. Simba alipowaona, alivimba kifua. "Tazameni! Fisi wangu huyo, anamsindikiza mjane juani! Nani amewahi kuona heshima kama hii?"

"Kweli, mfalme," Sungura akasema, akijisogeza karibu na Nyati. "Na bado sijamuaga. Nilivyompenda mwenyeji huyu, mwaka huu siagi."

Mwaka huu! Tumbo la Fisi likanguruma kuliko Simba. Akapanua mdomo akamrukia mgeni wake mbele ya macho ya wote. Sungura alikuwa akiungoja mruko huo. Akateleza chini ya tumbo la Nyati, kibuyu kifuani. Meno ya Fisi yakafunga juu ya mguu wa Nyati.

"Aliaga!" Fisi akapiga ukelele. "Nimemsikia akiaga!"

Wote wakamtazama Kunguru. Kunguru akatazama pembe za Nyati, akatazama makucha ya Simba, akaona upepo unakovumia. "Hakuaga," akasema. "Mimi nilikuwa juu."

Basi Nyati, yule msifia mwiko, akamrusha Fisi kwa pembe. Simba akampokea kwa kofi la mgongo, kiuno kikalegea. Wala msidhani Simba aliwalilia marehemu. Alikasirika kwa sababu ameaibika barazani kwake. Fisi akatimuliwa nchi nzima, akikimbia huku kiuno kimezama nyuma. Njia ya mwongo ni fupi.

Doto alikunywa, Kulwa akanywa, wakapona, na pango na maji yake wakayarithi wao. Hunywa atakaye, hurudi kwao peke yake. Watoto wa Fisi walirithi mgongo ulioinama na kicheko kisicho na furaha. Kunguru aliwarithisha wanawe sauti iliyopasuka. Na watoto wa Simba? Kiburi kilekile cha baba yao, hakikupungua hata unywele.